Siri ya Kazi ni Amana: Nasaha kwa Anayekwenda Kuajiriwa



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichika, ambaye hakuna mlango unaofungwa mbele Yake wala karatasi inayokunjwa asiione. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin kabla hajapewa utume, ziwafikie pia Ahli zake, Maswahaba zake, na kila atakayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada zangu wa chuo, ninawausia na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah. Mara nyingi mwenye kutoa nasaha huanza na makosa ya watu. Leo nitaanza na kosa langu.

Likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza nilipata kibarua katika kampuni ndogo mjini kwetu. Kampuni ile ilikuwa imepata zabuni ya kuingiza kwenye kompyuta orodha ya awali ya watu ambao ardhi yao ingepitiwa na barabara iliyokuwa ikipanuliwa. Mbele ya kila jina paliandikwa ukubwa wa kiwanja na makadirio ya kwanza ya fidia. Hakuna kilichokuwa kimetangazwa bado. Siku ya kwanza msimamizi alitupa karatasi ya kuahidi kutotoa siri. Tuliitia saini tukiwa tumesimama, bila kuisoma, kama mtu anavyotia saini kitabu cha wageni.

Jioni moja tukiwa tunakula, rafiki yangu aliniuliza barabara itapanuliwa upande gani, wa msikiti au wa soko. Nikamjibu. Ilikuwa sentensi moja tu. Sikupewa hata shilingi. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu ninayejua mambo.

Hazikupita wiki mbili, dalali akawa anazunguka upande ule na pesa taslimu. Bibi mmoja mjane, jirani wa mama yangu mdogo, aliuza kipande cha mbele cha kiwanja chake. Alikuja nyumbani kutuambia, amefurahi, kwamba Mungu amemletea ada ya mjukuu wake. Mimi nilikuwa nimeketi palepale. Jina lake nilikuwa nimeliandika kwa vidole vyangu, na kiasi kilichokuwa mbele ya jina lile kilikuwa mara nne ya pesa aliyopewa. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, bibi."

Jambo hili nilikaa nalo miaka miwili. Muhula huu tuliposoma mlango wa ijara katika fiqhi, lilinirudia, na ndiyo sababu ya maneno haya.

Mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana

Wanazuoni wetu wanasema kwamba mtu aliyeajiriwa kwa ujira, kile alichokabidhiwa kiko katika mkono wa amana. Kikiharibika bila kosa lake, halipi. Kikiharibika kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe, analipa. Angalieni hukumu hii ilivyo: ujira hauiondoi amana. Wengi wetu tunadhani amana ni kitu tunachotunziana bure, kama pesa ya jirani aliyesafiri, na kwamba penye mshahara pana biashara tu, saa zikiisha kila mtu aende zake. Sivyo. Mshahara unalipa kazi ya mikono. Yale uliyoyaona wakati wa kuifanya kazi hukuuziwa. Yanabaki ya mwenyewe.

Katika Surat al-Qasas, binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Nguvu ndiyo tunayoijia chuoni. Tunasoma hesabu, kompyuta, sheria, lugha, na mwisho tunapewa cheti. Uaminifu hauna cheti, na haufanyiwi mtihani mpaka siku utakapoulizwa swali dogo mezani na rafiki yako.

Sasa tazameni zama zetu zilivyo. Serikali za leo hazifanyi kazi zao zote kwa mikono yao. Zinatangaza zabuni. Kampuni binafsi zinachapa mitihani, zinatengeneza vitambulisho, zinatunza kompyuta za kodi, na penginepo zinaunda hata silaha. Kwa hiyo siri ya serikali, ambayo zamani ilikaa kwa mtumishi aliyekula kiapo, leo inakaa kwa kijana wa kibarua aliyeitwa na mkandarasi kwa miezi mitatu. Wengi wetu tutakuwa kijana huyo.

Niliingia maktaba kutafuta jinsi nchi nyingine zinavyolishughulikia jambo hili. Nchi niliyoiona imeliandika kwa urefu zaidi ni Marekani, kwa sababu huko kampuni za mkataba ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi za ulinzi. Nitaeleza kwa ufupi wanavyofanya, kisha tuone ukuta wao unaishia wapi.

Ukuta waliojenga

Mwezi Januari 1993, Rais George H. W. Bush alitia saini amri iliyoanzisha mpango mmoja wa kulinda siri za serikali zilizo mikononi mwa viwanda na kampuni. Kanuni zake ziliandikwa katika kitabu cha mwongozo mwaka 1995, na mwaka 2021 zikageuzwa kuwa kanuni kamili za serikali kuu. Mwenye kuzivunja anaweza kupoteza kibali, mkataba, na hata uhuru wake.

Kwanza, kampuni haiwezi kujiombea yenyewe kibali cha kushika siri. Lazima idhaminiwe na ofisi ya serikali yenye haja nayo, au na kampuni nyingine yenye kibali. Kisha inachunguzwa: nani anaimiliki, ina deni kwa nani, je, kuna mkono wa nchi ya kigeni unaoweza kuivuta? Inatakiwa kumtaja kiongozi wake mkuu atakayebeba dhamana, ofisa wa usalama wa siri, na mtu wa kuangalia hatari inayotoka ndani, yaani kwa wafanyakazi wenyewe.

Pili, kila mfanyakazi atakayegusa siri anachunguzwa. Anajaza fomu yenye kurasa zaidi ya 100, akieleza alikoishi, alikofanya kazi, safari zake, madeni yake, na ndugu na marafiki zake walio nchi za nje. Wachunguzi wanaweza kwenda kuwauliza majirani. Madeni yanaulizwa sana, kwa maana mwenye shida ya pesa ni rahisi kununuliwa.

Tatu, siri zina daraja tatu, kulingana na ukubwa wa madhara zikivuja: madhara, madhara makubwa, na madhara mazito mno. Karatasi inaandikwa daraja lake juu na chini, na kila aya inawekewa alama yake, asije mtu akasema hakujua.

Nne, kuwa na kibali hakutoshi. Lazima kazi yako yenyewe ihitaji habari ile. Watu wawili wanaweza kuwa na kibali cha daraja moja, wakafanya kazi jengo moja, na mmoja asiruhusiwe kumwambia mwenzake alichosoma asubuhi.

Tano, kuna mahali na namna. Nyaraka zinafungiwa katika makabati ya chuma yaliyopitishwa na serikali. Siri nzito zaidi zinasomwa katika vyumba maalumu vilivyojengwa sauti isitoke, na simu ya mkononi inaachwa nje. Karatasi iliyokwisha kazi inasagwa mpaka isiweze kuunganishwa. Na kabla ya yote hayo, mtu anatia saini ahadi ya kutotoa siri, ahadi isiyoisha siku anayoacha kazi.

Ndugu zangu, msidhani haya ni mapya kwetu. Katika mwezi wa Rajab, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimtuma Abdullah bin Jahsh (r.a.) na kikosi kidogo, akampa barua na kumwamuru asiifungue mpaka awe ametembea siku mbili. Alipoifungua njiani ndipo alipojua kuwa anaelekea Nakhla, baina ya Makka na Taif. Amiri mwenyewe wa kikosi hakujua aendako mpaka alipohitaji kujua. Na Kaab bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kwenda vitani, mara nyingi alitaja mahali pengine, isipokuwa safari ya Tabuk, aliyoitangaza wazi kwa sababu ya urefu na ugumu wake.

Na kijana aliyelelewa katika adabu hii alikuwaje? Anas bin Malik (r.a.) alikuwa akicheza na watoto wenzake, Mtume (s.a.w.) akamtuma kazi. Akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake, Ummu Sulaym (r.a.), alipomuuliza, akamjibu kuwa ametumwa na Mtume. Akamuuliza ametumwa nini, mtoto akasema ni siri. Mama hakumkemea wala hakumbembeleza amwambie yeye peke yake. Alimuusia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume wa Allah. Anas alizeeka, akawa mwanachuoni mkubwa wa Basra, na siri ile hakuitoa. Basi wazazi wetu, na sisi tutakaokuwa wazazi, tujiulize: mtoto akirudi kazini, tunamuuliza nini?

Pale ukuta unapoishia

Pamoja na makabati na fomu zote hizo, mwezi Juni 2013 dunia ilisikia jina la Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi Hawaii katika kampuni ya mkataba ya Booz Allen Hamilton, akiwa hajatimiza hata miezi mitatu pale. Alikuwa amechukua nyaraka nyingi za siri na kuwapa waandishi wa habari. Miaka mitatu baadaye, mfanyakazi mwingine wa kampuni hiyohiyo alikamatwa Maryland. Ilibainika kuwa kwa miaka kama 20, akipita kampuni mbalimbali za mkataba, alikuwa akichukua nyaraka za siri na kuziweka nyumbani na ndani ya gari lake. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka tisa.

Lipo linalotisha zaidi. Ile kazi ya kuchunguza watu wa kupewa vibali nayo ilitolewa kwa zabuni. Mwaka 2014, Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni ya USIS, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, ikidai kuwa kati ya 2008 na 2012 ilipeleka serikalini mafaili yasiyopungua 665,000 kana kwamba uchunguzi wake umekamilika, ilhali haukukamilika, ili malipo yatoke upesi. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kuacha malipo ya dola milioni 30 zilizokuwa haki yake, ili kesi imalizike. Mwaka huohuo wa 2015 serikali ilitangaza kuwa wadukuzi wameiba kumbukumbu za uchunguzi zinazohusu watu milioni 21.5. Fomu zile ndefu, zenye madeni ya watu na majina ya ndugu zao, ziliondoka.

Sisemi haya kuwacheka. Nchi yenye fedha na mitambo namna ile, yapo yaliyoipita mikononi. Nataka tuone tu kwamba kufuli linamlinda mwenye karatasi dhidi ya mtu wa nje. Yule uliyempa ufunguo, kufuli halina kazi kwake. Mchunguzi naye anahitaji mchunguzi, na huyo wa pili anahitaji wa tatu, na safu hii haiishi mpaka imfikie Yule ambaye halali wala hasinzii. Anayejua kuwa Allah anamwona ndani ya chumba kile kisichopitisha sauti, huyo ndiye mlinzi.

Mkandarasi wa safari ya Hijra

Hapa nataka nimtaje mtu ambaye hatumtaji sana. Usiku Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipoondoka Makka, walikuwa wameshamwajiri kiongozi wa njia kwa ujira, mtu wa ukoo wa Bani Dil, ambaye wanahistoria wanamwita Abdullah bin Urayqit. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba mtu huyu alikuwa bado yuko katika dini ya Makuraishi. Hakuwa Mwislamu. Hakuwa ndugu wa damu. Kwa lugha yetu ya leo alikuwa mkandarasi. Wakamkabidhi ngamia wao wawili na kupatana naye awaletee kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu.

Zihesabuni siku tatu zile. Mji mzima unatafuta. Makuraishi wametangaza malipo ya dia kwa atakayemleta Mtume au Abubakar, ameuawa au yu hai, na dia ilikuwa ngamia mia kwa kila mmoja. Mtu huyu anao ngamia wawili zizini ambao kila anayewajua anaweza kuuliza ni wa nani na wanangojea nini. Anajua pango. Anajua siku. Anapita sokoni, anasalimiwa, anasikia watu wakihesabu zawadi ile kwa vidole. Na ujira aliopatana nao ni ujira wa kuonyesha njia tu.

Asubuhi ya siku ya tatu alifika pangoni na ngamia wote wawili, akawapitisha njia ya pwani mpaka Madina.

Hakuwa na fomu ya kurasa 100. Hakuwa hata na Surat an-Nisaa inayotuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Ndugu zangu, ikiwa mtu asiyekuwa na imani hii ameilinda siri iliyobeba uhai wa Mtume wa Allah, mimi mwenye juzuu kadhaa kifuani nitasema nini kuhusu siri niliyoitoa kwa sahani ya wali?

Siri nyingi hutoka kwa mapenzi

Tusidhani kila anayetoa siri ni adui aliyenunuliwa. Mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akijiandaa kwa siri kuiendea Makka, Sahaba Hatib bin Abi Baltaa (r.a.), mtu aliyepigana Badr, aliwaandikia Makuraishi barua kuwapa habari, akampa mwanamke aipeleke. Wahyi ukamfikia Mtume. Akawatuma Ali, Zubayr na Miqdad (r.a.), wakamkuta mwanamke yule mahali paitwapo Rawdhat Khakh, na baada ya kukana akaitoa barua ndani ya misuko ya nywele zake. Hatib alipoulizwa, hakudanganya. Alisema ana watu wake Makka wasio na ukoo wa kuwalinda, akataka Makuraishi wawe na deni la wema kwake ili wasiwadhuru. Umar (r.a.) aliomba ruhusa amkate shingo. Mtume (s.a.w.) alikubali kuwa Hatib amesema kweli, akamkumbusha Umar kuwa huyu ni mtu wa Badr, na aya za mwanzo wa Surat al-Mumtahina zikashuka kuwakanya waumini wasirudie.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, nia ya kuwasaidia watu wako haiihalalishi khiyana. Hatib alisamehewa kwa ajili ya Badr. Barua yenyewe haikuitwa jambo jema. Pili, aliyekosea akasema kweli hafungiwi mlango wa kurudi. Sisi huku kwetu, siri za kazi hazitoki sana kwa majasusi. Zinatoka kwa shemeji anayetaka kujua bei ya zabuni, kwa binamu anayetaka kuona majina ya waliochaguliwa, kwa rafiki wa hosteli anayeomba karatasi ya mtihani usiku mmoja tu kabla. Wote hao wanatuita ndugu, na wote wanasema, "Si unanijua mimi, siwezi kumwambia mtu."

Na siri ikificha dhulma?

Najua swali liko midomoni mwenu, na ni swali la haki. Je, serikali ikiandika neno "siri" juu ya dhulma, Mwislamu aliyeajiriwa anyamaze?

Hapana. Amana haikuwekwa ili iwe pazia la dhulma. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba mazungumzo ya kikao ni amana, isipokuwa vikao vitatu: cha kumwaga damu ya haramu, cha zinaa, na cha kula mali ya mtu bila haki. Wanazuoni wa Hadith wamezungumza juu ya udhaifu wa isnadi yake, lakini maana yake inasimama juu ya misingi ya sharia. Hata Wamarekani, katika amri ya Rais Obama ya Desemba 2009 kuhusu siri za serikali, wameandika kuwa ni marufuku kuifanya habari siri kwa lengo la kuficha uvunjaji wa sheria au kuikinga ofisi na aibu.

Kwa Snowden, watu wamegawanyika. Sehemu ya aliyoyafichua ilikuwa ukusanyaji wa kumbukumbu za simu za watu wote, wenye makosa na wasio na makosa, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya huko New York ilisema sheria iliyotumiwa haikuruhusu jambo hilo. Sisi tulioamrishwa katika Surat al-Hujurat tusipelelezane hatuwezi kulitetea. Upande wa pili, kamati ya Bunge la huko ilisema kuwa nyaraka nyingi alizochukua hazikuhusu faragha ya raia hata kidogo. Mimi ni mwanafunzi, siketi mahali pa kadhi kumhukumu. Ninachukua kipimo tu: mwenye kufichua dhulma hufichua ile dhulma, kwa kiasi chake, kwa anayeweza kuiondoa, na anakuwa tayari kusimama mbele ya Allah na hoja yake. Surat an-Nisaa inawalaumu wanaoisikia habari ya amani au ya hofu wakaitangaza hapohapo, ilhali wangeirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wangeielewa wale wanaojua kuipima. Hapa Uganda iko sheria ya mwaka 2010 inayowalinda wafichuao maovu, na inataja ofisi za kupelekewa habari hizo. Tuisome kabla ya kuihitaji.

Na tusijidanganye. Wengi wetu tunaotoa siri hatufichui dhulma yoyote. Tunataka kuonekana. Mimi sikuwa nikiiondoa dhulma jioni ile. Nilikuwa nikiizaa.

Wasia kwa wanaokwenda mazoezi na vibarua

Ndugu zangu, muhula huu unaisha na wengi wenu mnakwenda kazini. Ninawausia haya.

Isome karatasi ya ahadi kabla ya kuitia saini. Saini yako ni ahadi, na mwanzo wa Surat al-Maida tumeamrishwa tutimize ahadi.

Usiitazame karatasi ambayo kazi yako haiihitaji. Jicho nalo lina hesabu yake, na usilolijua hutaulizwa umelipeleka wapi.

Usipige picha ya kitu cha kazini kwa simu yako, hata kwa mzaha, na usikitume nyumbani ili ukakimalizie usiku. Yule wa Maryland hakuanza na gari lililojaa.

Ukiulizwa, jibu jibu la Anas: ni siri ya kazi. Usiseme "sijui" kama unajua, maana hapo utakuwa umekimbia khiyana ukaangukia uongo. Anayekupenda ataelewa. Anayekasirika, ujue alikuwa anakupendea hiyo karatasi.

Na ukiteleza, sema mapema kwa msimamizi wako, madhara yakiwa bado yanazuilika. Mimi ningesema siku ya pili yake, pengine dalali asingemkuta bibi peke yake.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mwalimu wangu aliniambia kwamba wanazuoni wana maneno marefu juu ya nani anayelipa, aliyesababisha au aliyetenda, lakini toba ya haki ya mja haitimii bila kumwendea mwenyewe. Likizo iliyopita nilikwenda. Nilimkuta bibi anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, pamoja na mara nne. Alinyamaza, akaendelea kupukuchua, kisha akauliza, "Mwanangu, siku ile niliyokuja kwenu na furaha yangu, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hilo ndilo linaloniuma. Pesa ni pesa."

Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia nirudi. Ninampelekea kidogo kidogo ninachopata, na kilichobaki ni kikubwa kuliko nilichokwisha kutoa. Barabara imeshapita. Kila nikienda kwao ninakanyaga lami juu ya kile kipande.

Ewe Mola wetu, tufanye miongoni mwa wanaozichunga amana zao na ahadi zao. Utusitiri makosa yetu, na utuwezeshe kuwarudishia wenye haki haki zao hapa duniani, kabla ya siku ambayo deni halitalipwa kwa dinari wala dirhamu ila kwa mema yetu. Uzilinde ndimi zetu mezani kama unavyozilinda katika Swala. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.